Magofu ya Tongoni, barabara ya Pangani: shukrani ya muuza machungwa

Nimepita njia panda ya Tongoni kwa miaka 14 bila kushuka. Nauza machungwa Tanga mjini, nayatoa mashambani Muheza, na mara mbili kwa wiki kirikuu inanipeleka Pangani kuwashushia mzigo wateja wangu wa magenge na wa nyumba za wageni. Kutoka mjini mpaka hapo ni kama kilomita 17, hata kiti hakijapata joto. Nilijua pana magofu. Nilijua kama unavyojua kuwa jirani yako ana ndugu Muscat: umesikia, umeitikia, basi.

Kilichonishusha ni deni. Mama mmoja wa hapo kijijini alichukua kwangu matenga matatu kwa mali kauli, halafu akanipiga kalenda mwezi mzima. Siku hiyo nikamwambia kijana wangu wa kirikuu aniache, aende Pangani peke yake, anipitie akirudi. Nafika, naambiwa hela iko kwa mume, mume yuko baharini, na hawezi kuingiza ngalawa mpaka maji yajae. Yatajaa saa ngapi? Saa nane. Hapo ni saa nne asubuhi, mwezi wa pili, na jua la Tanga la mwezi wa pili halina mswalie Mtume.

Mtoto wa nyumba ile akaniambia, "Bibi, kule kwenye magofu kuna kivuli." Nikafuata kivuli.

Nimeamua kuandika kwa sababu kitabu cha wageni kilinipa mstari mmoja tu wa maoni. Niliandika "Pazuri sana, Mungu awabariki", na tangu siku ile mstari huo unanikaa rohoni. Pale panadai zaidi ya hapo.

Nilimkuta mzee mmoja anafagia majani makavu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mama, karibu Tongoni." Nikalipa kiingilio, akaniandikia stakabadhi. (Bei siitaji, maana hubadilika, mimi haikuniuma, na stakabadhi dai upewe.) Akanisogezea kitabu. Kwenye safu ya kazi nikaandika: muuza machungwa. Akasoma, akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Machungwa? Basi wewe nitakuanzia baharini. Makaburi baadaye."

Akanipeleka mpaka mahali unapoiona bahari katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linang'aa, na mbali kabisa kuna mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye mafungu. Akaniambia nitazame kule. Mwezi wa nne mwaka 1498, meli tatu za Wareno, mkubwa wao Vasco da Gama, zilikuwa zinapanda kuelekea Mombasa. Moja yao, São Rafael, ikapanda fungu kabla ya alfajiri. Maji yalipokupwa ikabaki imekaa pakavu, na hawakuwa na la kufanya ila kungoja yajae.

"Kama wewe leo," mzee akasema.

Na wakati wanangoja, vyombo viwili vya watu wa huku vikawaendea. Kimoja kilikuwa kimejaa machungwa.

Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anayenihesabia chenji.

Asiyefanya kazi yangu huenda asione kwa nini niliketi chini. Biashara hii nilirithi kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, naye alianza kwa kubeba tenga kichwani. Miaka yote nilidhani machungwa ya Tanga yalikuja na reli na mashamba ya wakoloni, na kwamba sisi wauzaji ni watu wa juzi. Kumbe zaidi ya miaka 500 iliyopita kuna mtu wa pwani hii aliona meli ya wageni imekwama, meli ambayo hajapata kuona mfano wake, na wazo lililomjia likawa kupakia machungwa na kwenda kuuza. Huyo mtu namjua. Namjua kuliko wafalme wote niliofundishwa darasani. Chombo kilichokwama kina wateja wenye kiu na hakiondoki leo. Hata mimi ningepakia.

Tena namjua kwa jambo jingine. Chungwa letu la joto hubaki kijani hata likiiva. Wageni wa nchi za baridi wakija kwenye meza yangu huligusa kwa mashaka, wanadhani nawauzia bichi, na sina budi kuwapasulia moja waonje. Naamini kabisa kuwa siku ile kwenye fungu kuna mtu aliyepasua chungwa la kwanza akalitoa bure.

Kisha ndipo tukarudi kwenye makaburi.

Cha kwanza ukiingia ni msikiti, wa karne ya 14 au ya 15. Paa halipo na kuta nyingi zimekwenda, lakini ukitulia jengo linajisoma lenyewe: hapa palikuwa na mlango, hapa palisimama nguzo za kubeba paa, na mbele kabisa ndipo kibla. Nilivua viatu. Niliposimama nikitazama mbele nikaona bahari iko mkono wangu wa kulia, nikachanganyikiwa kidogo, mpaka nikakumbuka kuwa kwa sisi wa Tanga Makka iko kaskazini, karibu nyoosho. Waliojenga hawakuwa na simu ya kuwaonyesha dira, na kibla wamekipata.

Mali yenyewe iko nje, kuuzunguka msikiti. Makaburi yanazidi 40, na zaidi ya nusu ni makaburi ya nguzo. Kama hujawahi kuona kaburi la nguzo: ni ukuta mfupi wa mawe unaozunguka kaburi kama chumba kidogo kisicho na paa, na upande mmoja ukutani hapo inapanda nguzo, juu kuliko mtu. Yapo kuanzia pwani ya Somalia, yanashuka Kenya mpaka kwetu, na kwingine duniani huyakuti. Tongoni ndipo yalipokusanyika mengi kuliko mahali pengine popote pwani ya Afrika Mashariki. Nyingi ya nguzo zimeanguka. Zimelala hapohapo zilipoangukia, vipande vipande, kama muwa uliokatwa. Zilizobaki wima ni chache, na ukisimama chini ya mojawapo ukatazama juu, mawingu yanapopita unahisi nguzo ndiyo inayotembea.

Sasa niwaelezeni kitu kimoja ambacho ningeomba kila atakayekwenda asikipite. Kwenye nguzo na kuta kuna mashimo ya duara, kina chake kama cha bakuli la uji. Ndimo yalimokaa mabakuli ya Kichina, yale mazito ya rangi ya kijani cha bahari, yamezamishwa kwenye chokaa ikiwa mbichi, uso wa bakuli umetazama nje. Mabakuli hayapo. Mengine yalivunjika, mengine yalibanduliwa. Mzee alinionyesha shimo moja akaniambia nisogeze uso. Chokaa ya nje imechakaa, mawe yametokeza kama mbavu, lakini mle ndani ya shimo chokaa ni laini kama ndani ya kifuu, na ukingo wa bakuli umeacha mstari wake, mwembamba, umezunguka wote. Bakuli limeondoka na umbo lake limebaki. Nililitazama muda mrefu. Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na alama ya namna ile ukutani, mahali palipotundikwa kioo miaka mingi. Kioo kilipovunjika alama ikabaki, na bibi alikataa isipakwe rangi.

Bakuli lile lilipita mikono mingi mpaka kufika. Kutoka China hadi bandari za Bara Hindi na Ghuba, kisha likaletwa huku na majahazi yanayokuja na kaskazi, upepo uleule uliokuwa unanipiga usoni mwezi ule wa pili. Na aliyelinunua, badala ya kulia wali wa siku kuu, aliliweka kwenye kaburi la mtu wake.

Ndani ya chokaa ile kuna pia vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za papai. Nilidhani ni uchafu. Mzee akasema ni mkaa. Chokaa ya zamani ilipikwa kwa matumbawe: magogo yanapangwa kwa duara, matumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa na kuachwa uyale mpaka yageuke meupe na kuvunjika unga, kisha yanamwagiwa maji au kuachwa yanyeshewe. Mkaa wa magogo unaochanganyika humo hautoki wote. Kwa hiyo kile kidoa ni kuni ya mtu, aliyeikata msituni na kuibeba mpaka hapo. Mawe ya kujengea kuta yalichimbwa nchi kavu, lakini pale palipotakiwa urembo walichukua tumbawe bichi kutoka baharini, maana likiwa na maji hukatika kama muhogo uliochemka, na likikauka hugeuka jiwe kweli.

Halafu jina. Nimelitamka miaka 14 nikiwaambia makondakta na madereva, "nishushie mzigo Tongoni", na sikuwahi kulisikiliza. Mzee ndiye aliyelivunja: tongo ni mahame, mahali watu walipoishi wakahama. Tongoni ni kwenye tongo. Bibi yangu alikuwa akisema matongo, "usichezee kule kwenye matongo", na mimi mtoto nilidhani ni mdudu. Waliokuja baadaye hawakuupa mji jina jipya la kujisifia. Waliliita eneo kwa heshima ya waliotangulia kuhama. Na mji wenyewe ulipokuwa hai ulijulikana kwa jina la Mtangata.

Maji yakajaa. Mume wa mdeni wangu akaingia na ngalawa, akanilipa sehemu kubwa kwa taslimu na iliyobaki kwa kolekole mmoja mzima mwenye macho yanayong'aa, na nilirudi Tanga nikiwa nimesahau nilichokuwa nimepanga kumwambia.

Nilipofika nyumbani nikampigia mwanangu wa pili. Anasoma historia chuoni, na alinisikiliza kwa adabu ile ambayo mtoto humsikiliza mama yake akijua atamrekebisha. Siku tatu baadaye akapiga yeye. Alikuwa amelipata daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa mabaharia wenyewe, akawa anasoma na kunitafsiria kwenye simu. Ni kweli, mama. Vyombo viwili. Kimoja kimejaa machungwa. Na mwandishi ameongeza neno: machungwa mazuri kuliko ya Ureno.

Nilimwambia anisomee tena hapo. Kisha nikamuuliza wanasema nini juu ya milima, kwa sababu ukiwa baharini upande ule milima ya Usambara huiona siku ya anga safi, na machungwa yangu yanatoka chini ya milima hiyohiyo. Akatafuta. Ipo. Wameitaja kuwa ni mirefu na mizuri, wakaipa jina la São Rafael, kama mafungu. Jina halikushika.

Lakini yaliyonikalisha ni ya mwaka uliofuata. Wakirudi kutoka India walikatisha bahari karibu miezi mitatu bila kugusa nchi kavu. Fizi zikawavimba mpaka zikafunika meno, miguu ikajaa. Sisi tunauita kiseyeye, na husababishwa na kukosa matunda na mboga kwa muda mrefu, yaani kukosa vitamini C. Watu 30 walikufa kwenye mkato ule, juu ya wengine wapatao idadi hiyo waliokuwa wamekwisha kufa kabla, na kwenye kila meli wakabaki saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Kwa wengi ilikuwa wamechelewa. Tarehe 13 Januari 1499 wakafika kwenye mafungu yaleyale mbele ya Tongoni. Meli tatu, na mikono ya kuziendesha haitoshi. Wakahamisha shehena, wakaichoma moto São Rafael.

Mwanangu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, wameichoma meli mbele ya mji uliowauzia machungwa."

Na watu wa mji ule hawakufunga milango. Daftari linasema Wareno walikaa pale siku 15, na kutoka mji uliokuwa mbele yao, ambao masikio yao yaliusikia kama Tamugata, waliletewa kuku wengi kwa kubadilishana na mashati na bangili. Tamugata ni Mtangata. Nimewaza sana hao kuku. Nawaza akina mama wakiwashika miguu kichwa chini, wakipanda chombo, wakisogelea wagonjwa wale wenye midomo inayotoka damu, huku moshi wa meli bado uko hewani. Wakabishana bei ya shati.

Ile sanamu ya malaika iliyokuwa kwenye São Rafael iliokolewa kabla ya moto. Leo iko Lisbon, kwenye jumba la makumbusho ya bahari. Hilo ni jambo jema, kitu cha watu kimetunzwa. Ila nilipoambiwa nilihisi uchungu wa kweli, kwa sababu sanamu ya chombo kilichokwama ina mahali pake pa heshima na watu wanakwenda kuitazama, na waliokiendea na machungwa, kama wamelala pale Tongoni kama ninavyoamini, wana nguzo zilizoanguka na mzee mmoja mwenye ufagio.

Kwa hiyo nilirudi. Mara ya pili na mwanangu alipokuja likizo, mara ya tatu na akina mama wa kikoba chetu, wanawake 11, tumekodi kipanya. Hao nawataja kwa sababu kati yao hakuna aliyewahi kufika, na wote ni wazaliwa wa Tanga. Mapango ya Amboni wamekwenda, wengine mara mbili mbili, na Amboni ni pazuri, watoto hufurahi. Pangani wamekwenda kuogelea. Tongoni iko katikati ya njia na kila mtu huipita kwa mwendo wa gari.

Safari ile ya kikoba ndiyo iliyonifundisha namna ya kwenda, basi niseme. Kutoka Tanga panda gari lolote la Pangani, mwambie konda akushushe Tongoni, kisha unatembea kuelekea baharini. Ukiuliza, mtoto yeyote atakuonyesha. Nenda asubuhi. Mchana jua hupiga juu ya mawe meupe na kichwa kinauma. Beba maji, maana siku nilizokwenda mimi sikuona pa kununua cha baridi karibu. Vaa viatu vya kufunika vidole. Vaa nguo ya heshima, kanga haizidi uzito kwenye mkoba, kwa kuwa hapo ni msikiti na ni makaburini. Mwenzetu mmoja ni Mkristo, aliuliza kwa woga kama ataruhusiwa; mzee akamwambia, "Mwanangu, ingia, hawa walikuwa wafanyabiashara, walizoea watu wa kila namna." Mwombe yeye mzee akutembeze. Ukizunguka peke yako utaona mawe. Ukizunguka naye utatoka na hadithi ya kila kona, na hana haraka.

Tulikuta kwenye kaburi moja chetezo cha udongo chenye majivu, na harufu ya ubani haijaisha. Kuna anayekuja kuomba dua, na sisi hatukuuliza nani wala kwa haja gani. Mkubwa wetu wa kikoba, mama wa miaka 70 na zaidi, aliomba tunyamaze, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, akamalizia, "Na wale wote tusiowajua majina." Tukasema amina. Tulikula bada na samaki nje, mbali na makaburi, tukaokota kila mfuko tuliokuja nao.

Mapungufu yapo na nitayasema kwa sababu napapenda. Mara yangu ya kwanza nyasi zilifika magotini upande wa nyuma, na mzee mmoja hawezi kuzishinda. Maelezo ya maandishi kwa Kiswahili ningeyataka zaidi. Habari za machungwa na kuku sikuzikuta zimeandikwa mahali, nilizipata kwa sababu nilikutana na mtu na kwa sababu nilijaza safu ya kazi. Na kwenye plasta ya kaburi moja kuna mtu amechonga jina lake na la mchumba wake kwa msumari. Plasta hiyo imevumilia mvua za masika zaidi ya 500. Kijana, kama unasoma, rudi umwombe radhi mzee, na ukiwa pale ushike ufagio.

Wenye dhamana nawaomba kitu kidogo sana, hata jumba la makumbusho sitaki: kibao kimoja barabarani, kikubwa, chenye maneno ya kumfanya dereva wa gari la Pangani apunguze mwendo. Andikeni kuwa hapa ndipo yalipouzwa machungwa ya mwaka 1498. Wauza machungwa wa Tanga tutachanga rangi.

Kwa wanaopenda nyota, Tongoni nimeipa tano. Ile ya tano ni ya lile shimo la bakuli.

Kuna jambo moja limebadilika kwenye kazi yangu. Mgeni akija mezani akaligusa chungwa la kijani kwa mashaka, nalipasua kama zamani, lakini siku hizi ninapompa kipande namwambia kwamba haya yaliwahi kuandikwa kuwa ni mazuri kuliko ya Ureno, na kwamba walioyaandika walikuwa wamekwama kwenye fungu kilomita chache kutoka hapa. Wengine hucheka. Mwezi uliopita mama mmoja wa Dodoma na mumewe walinunua dazeni mbili, wakaniuliza gari la kwenda huko linapandiwa wapi. Nikaacha meza kwa jirani, nikawasindikiza mpaka stendi.

Ijumaa hii nina mzigo wa Pangani. Machungwa kumi ya mzee nimeshayaweka pembeni, kwenye mfuko wake, ya kijani kabisa.